Faini Isiyo na Muhuri

Kila Jumanne na Ijumaa fundi wa mapazia alifunga duka asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia. Siku hizo zilikuwa za mguu wa baba yake.

Mzee alikuwa na kisukari. Alikuwa na kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, na kidonda hicho kiligoma kupona. Nesi wa zahanati aliwaambia mapema.

"Kisafishwe mara mbili kwa wiki, bila kukosa. Mkikosa, msije kunililia hapa."

Alikuwa nesi wa maneno makali na mikono laini. Mzee alimpenda sana.

Fundi alikuwa na kigari kikuukuu cha kubebea vitambaa. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kimeng'olewa ili vyuma virefu vya mapazia vipate nafasi. Kwa hiyo Mzee alikaa nyuma, katikati ya majora ya vitambaa.

"Leo mimi ni jora la rangi gani?" aliuliza.

"La kijivu, baba. Halina mnunuzi."

"Basi punguza bei, mwanangu. Usiniweke dukani mpaka nioze."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo walivyoishi, baba na binti, kwa kazi na kwa utani.

Uwanja wa magari wa zahanati ulikuwa umekodishwa kwa kampuni binafsi. Mbele kulikuwa na mashine. Unatia hela, inatoa tiketi, unaiweka nyuma ya kioo. Fundi alilipia saa mbili, kama siku zote. Saa mbili zilikuwa zinatosha.

Jumanne hiyo hazikutosha. Mgonjwa mmoja alizimia kwenye foleni, na nesi alikuwa peke yake. Watu wakasubiri kimya. Nani atamlalamikia mtu aliyezimia?

Walipotoka, walikuwa wamezidisha dakika thelathini na tano. Kwenye kioo cha kigari kulikuwa na karatasi ya njano. Juu yake paliandikwa kwa herufi nyekundu: FAINI.

Fundi aliisoma akiwa amesimama juani. Kampuni ilitaka alipe mara arobaini ya bei ya tiketi. Alipewa siku kumi na nne. Akichelewa, ingekuwa maradufu. Asipolipa kabisa, "hatua kali za kisheria zitachukuliwa".

"Karatasi gani hiyo?" Mzee aliuliza kutoka nyuma.

"Tangazo tu, baba. Watu wanauza magodoro."

Akaikunja, akaitia mfukoni. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa baba yake tangu alipokuwa msichana mdogo, na ndio uliowagharimu.

Mchana huo alikaa kwenye cherehani na kuandika barua kwa kampuni. Aliandika hivi:

"Samahani sana kwa usumbufu. Naomba mnisamehe kwa kosa langu la kuchelewa. Baba yangu ni mgonjwa. Naomba radhi na sitarudia."

Ndivyo alivyolelewa. Akiingia dukani kununua uzi, huanza na samahani. Hata akikanyagwa mguu, yeye ndiye husema samahani. Alidhani watu wa kampuni nao wana mama zao waliowafunza adabu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilikuwa fupi. "Kwa kuwa umekiri kosa lako kwa maandishi, ombi lako limekataliwa. Faini sasa ni maradufu."

Fundi aliwapigia simu papo hapo. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika pazia la mteja, kwa hiyo aliweka simu mezani na kufungua spika. Sauti ya kijana ikajaa duka zima.

"Mama, faini ni faini. Hatuna majadiliano."

"Lakini mwanangu, baba yangu alikuwa anatibiwa mguu..."

"Kila mtu ana baba, mama. Usipolipa tunakwenda mahakamani. Hata gari linaweza kuchukuliwa."

Simu ikakatwa.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba cha Mzee kilikuwa nyuma yake, na katikati hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia tu. Mzee alikuwa amelala kitandani, macho wazi. Alisikia kila neno.

Mzee alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Kazi yake ilikuwa kupeleka samansi na hukumu kwenye milango ya watu. Aliwahi kuona vitanda vikitolewa nje, na cherehani pia. Alijua neno faini lina uzito gani. Hakumuuliza binti yake kitu. Aligeukia ukutani.

Ijumaa asubuhi fundi alimkuta amevaa soksi na viatu vya kufunika.

"Twende, baba."

"Leo siendi. Mguu umepona."

"Umepona lini? Hebu niuone."

"Mimi si mtoto wa kuvuliwa viatu. Nenda kashone. Una kazi za watu."

Jumanne iliyofuata alisema hivyo hivyo. Na Ijumaa pia.

Tuseme ukweli, maana hadithi hii haina faida ikificha jambo. Fundi alipata nafuu moyoni. Uwanja ule ulikuwa unamtisha. Baba aliposema amepona, aliamua kumwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi zaidi.

Wiki tatu zilipita. Kukaingia harufu dukani. Fundi alidhani ni panya aliyekufa. Alitoa majora yote nje, moja baada ya jingine. Alisukuma cherehani. Alipiga deki mara mbili. Harufu ilibaki pale pale. Hatimaye aliifuata kwa pua, hatua kwa hatua, mpaka nyuma ya pazia, mpaka kwenye soksi ya baba yake.

Mzee hakukataa tena kuvuliwa viatu. Alikuwa na homa na hakuwa na nguvu za kukataa.

Nesi alipoufungua mguu, hakupaza sauti. Fundi alitamani apaze. Nesi alisema tu, "Huyu ni wa hospitali kubwa. Sasa hivi."

Huko walimkata vidole viwili, kidole gumba na cha pili yake. Daktari alisema wangechelewa wiki moja zaidi, angekata mguu.

Siku ya pili fundi alikaa kando ya kitanda.

"Kwa nini ulinidanganya, baba?"

"Nilisikia simu."

"Simu gani?"

"Ya faini. Nikasema moyoni, mguu huu ni wa mtu mzee. Gari ni la kazi. Wakilichukua, utakula nini? Basi nikaona bora nisiwe sababu ya wewe kurudi kwenye uwanja ule."

Fundi alitoka nje ya wodi, akashika ukuta, akalia mpaka kifua kikamuuma. Alikuwa na hasira na kampuni. Alikuwa na hasira zaidi na nafsi yake.

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku kumi. Juma hilo mteja mmoja alikuja kuchukua mapazia ya ofisi yake. Alikuwa msaidizi wa sheria. Ofisi yake ya msaada wa sheria ilikuwa mtaa wa pili, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Mtaani walimwita Mama Faili, maana hata sokoni alikwenda na faili kwapani.

Alilifungua pazia, akalitazama, akacheka.

"Fundi, tangu lini pindo lako likatembea kama mlevi?"

Fundi hakucheka. Alifungua droo ya nyuzi, akatoa karatasi ya njano, nakala ya barua yake na jibu la kampuni, akaziweka juu ya pazia. Kisha akasimulia yote. Mama Faili alivuta kiti.

"Dada, nani alikwambia hii ni faini?"

"Si imeandikwa hapo? Kwa rangi nyekundu kabisa."

"Hata mimi nikiandika kwa rangi nyekundu kwamba mimi ni rubani, usipande ndege yangu. Sikiliza. Faini ni adhabu. Inatolewa na mahakama, au na mamlaka iliyopewa nguvu hiyo na sheria. Kampuni binafsi ya kuegesha magari haina nguvu hiyo. Ilicho nacho ni dai."

"Si hela ile ile?"

"Hapana. Dai ni mtu kusema kwamba unadaiwa. Na anayesema hivyo lazima athibitishe. Wanapenda neno faini kwa sababu linatisha. Mtu akiogopa, analipa bila kuuliza."

"Kumbe! Basi naichana."

Mama Faili aliiwahi karatasi kwa mkono. "Thubutu! Usichane. Dai linaweza kuwa la haki pia. Masharti yakiwa wazi, ukayaona, ukaegesha, kisha ukayavunja, wanaweza kwenda mahakamani na wakashinda. Na ikija samansi ya kweli ukaitupa, kesi itaamuliwa bila wewe. Tena sheria hazifanani kila mahali. Ndiyo maana tunawaambia watu waje kuuliza kabla ya kulipa, na kabla ya kutupa."

"Sasa nitajuaje kama dai lao ni la haki?"

"Masharti yao yalikuwa wapi? Uliyaona?"

"Kwenye mashine kuna bei tu. Sikuona kingine."

"Na je, walikupa muda kidogo wa kutoka? Na hizo hela wanazotaka, zinalingana na hasara gani? Ulizidisha dakika thelathini na tano tu. Walipata hasara ya mara themanini ya tiketi? Labda kama uwanja wao ni wa dhahabu."

Kisha akaisoma nakala ya barua ya fundi. Akatikisa kichwa.

"Hapa ndipo walipokushika. 'Kosa langu.' 'Naomba mnisamehe.' Wewe ulikuwa unaonyesha adabu. Wao wakasema umekiri."

"Mimi husema samahani hata kwa paka!"

"Paka hana wakili, dada."

Walifunga duka, wakaenda uwanjani kutafuta bango la masharti. Walizunguka mara mbili. Ukutani palikuwa na tangazo la chanjo na mshale wa kuelekea chooni. Bango la kampuni hawakuliona. Mlinzi wa geti aliwatazama muda mrefu, kisha akawaonea huruma.

"Mnatafuta bango? Liko huku nyuma."

Geti la zahanati lilikuwa la chuma, lenye milango miwili mipana. Mlinzi alivuta mlango mmoja kidogo. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na bango la bluu lenye maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa.

"Geti likiwa wazi, linalifunika," alisema mlinzi. "Mimi huliona jioni tu, nikishafunga."

"Yaani linasomeka wakati hakuna gari linaloweza kuingia?" aliuliza Mama Faili.

"Ndiyo hivyo, mama. Nimewaambia mara nyingi. Wananiambia nilinde geti, mabango si kazi yangu."

Fundi alisogea akasoma. "Ukizidisha muda, unakuwa umekubali kulipa..." Akageuka. "Nilikubali lini mimi?"

"Swali zuri," alisema Mama Faili. "Liandike hilo."

Walipiga picha mbili. Moja geti likiwa wazi, nyingine likiwa limevutwa. Kisha wakaingia kwa nesi. Kadi ya Mzee ilikuwa na muhuri wa saa ya kufika na saa ya kuhudumiwa. Nesi aliwapa nakala bila kuuliza maswali mengi. Aliuliza moja tu, kuhusu hali ya mguu.

Walirudi nyumbani. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mito. Mama Faili alimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nasikia mna karatasi ya mahakama. Nileteeni niione."

Fundi alisita. Kisha akampa. Mzee alivaa miwani. Alisoma mbele. Akaigeuza, akatazama nyuma. Akarudi tena mbele.

"Muhuri uko wapi?" aliuliza.

Akapitisha kidole kwenye pembe zote nne za karatasi.

"Namba ya kesi iko wapi? Jina la hakimu? Sahihi ya karani?" Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Nimebeba karatasi za mahakama miaka thelathini na moja. Ningezijua hata gizani. Hii ni karatasi ya duka."

Akaanza kucheka. Kicheko hicho hakikuwa kizuri kukisikia. Kikakatika ghafla, na Mzee akavua miwani.

"Ungenionyesha," alisema. "Siku ile ile, kwenye gari. Ungenionyesha tu."

Fundi angeweza kusema, nawe ungeniuliza. Hakusema. Mzee alijua hilo bila kuambiwa. Mama Faili alitazama chini na kufungua faili lake, ingawa hakuwa na haja nalo.

Baadaye Mzee alijipangusa uso. "Haya. Tuandike."

Waliandika watatu. Fundi alitaka kuanza na samahani.

"Futa," alisema Mama Faili.

"Bila hata neno moja la adabu?"

"Adabu ni kutowatukana. Hujawakosea kitu. Andika."

Barua ilikuwa hivi:

"Ninapinga dai lenu. Bango lenu la masharti linafunikwa na geti saa zote za kazi. Tazameni picha mbili. Sikuliona, kwa hiyo sikukubali masharti yake. Nilichelewa kwa sababu zahanati ilichelewa kutuhudumia. Tazameni nakala ya kadi. Mnadai mara themanini ya bei ya tiketi. Nionyesheni hasara mliyopata. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya heshima tu. Haikuwa kukiri deni. Kama mna ushahidi mwingine, nileteeni kwa maandishi."

"Weka tarehe," alisema Mzee. "Toa nakala. Ipeleke mwenyewe, na anayepokea asaini nakala yako. Karatasi isiyosainiwa haijafika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Kesho yake fundi alikwenda kwenye ofisi ya kampuni. Karani alipokea barua na kuitupa kwenye kikapu cha meza.

"Saini nakala yangu," alisema fundi.

"Hatusaini, mama. Nenda tu, tutakujibu."

Neno samahani lilimfika fundi kwenye meno. Akalimeza. Akasimama pale pale, mkoba mkononi. Nyuma yake watu wakaanza kujaa, na wawili kati yao walikuwa na karatasi za njano. Karani alipoona wanaanza kusikiliza, alisaini haraka.

Jibu lilichukua siku ishirini. "Kampuni imeamua kufuta dai hili kwa hisani yake." Hapakuwa na maelezo. Hapakuwa na pole.

"Hisani!" alisema Mzee. Alilitamka kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Wameninyang'anya vidole, halafu hisani."

"Hawakuvikata wao, baba," fundi alisema polepole.

"Najua nani alivikata. Vilikatwa na woga. Lakini woga huo waliuchapa wao, wakautia rangi nyekundu."

Mama Faili hakuliacha jambo hapo. Aliweka meza barazani pa zahanati siku tatu mfululizo. Wagonjwa wakaja na karatasi zao. Wengine walikuwa wameshalipa, na hela zao hazikurudi kirahisi. Mama mmoja alikuwa ameuza kitanda ili alipe. Watu arobaini na mmoja walitia sahihi barua moja kwa mkuu wa zahanati. Mwezi uliofuata bango lilihamishiwa juu ya mashine, kwa herufi ambazo hata Mzee alizisoma akiwa garini. Na mgonjwa aliyecheleweshwa kwenye foleni sasa anagongewa muhuri kwenye tiketi yake, basi anatoka bila kudaiwa.

Ni mabadiliko mazuri. Yangekuja miezi mitatu mapema, yangekuwa mazuri zaidi.

Fundi na Mzee wanakwenda tena Jumanne na Ijumaa. Kidonda kimeanza kufunga. Nesi amewasamehe, ingawa hajasema. Na nyumbani wana sheria yao mpya. Barua yoyote ikiingia, inasomwa mezani kwa sauti, mbele ya wote wawili, hata ikiwa ya watu wa kuuza magodoro.

Wiki iliyopita ilikuja bili ya maji. Fundi aliisoma yote, kuanzia jina la mtaa mpaka mstari wa mwisho. Mzee alisikiliza amefumba macho, mguu wake wa vidole vitatu ukiwa juu ya kigoda.

"Rudia ile tarehe," alisema.

Fundi akarudia.